Mashine ya Kung'arishia Mawe ya Baba

Mama alipohamia kwangu Temeke alikuja na begi la nguo, ndoo ya unga wa mahindi na kiroba cha mawe. Utingo wa basi alikishusha kile kiroba kwa mikono miwili, akakitua chini kwa kishindo na kuuliza, "Bi mkubwa, humu umebeba nini, reli?" Mama akamjibu bila kutabasamu kwamba ni mali ya marehemu mume wake, na kama amechoka akiache hapo hapo, atakibeba mwenyewe. Nilikibeba mimi. Dereva wa bajaji naye akanung'unika mpaka tunafika mlangoni kwangu.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, huko kwetu Songea. Alikuwa mkulima wa mahindi, lakini kila kiangazi, mavuno yakishaingia ndani, alichukua sululu na chekeche akaenda Tunduru kuchimba mawe ya vito mitoni. Wanunuzi walikaa chini ya maturubai na mizani zao ndogo. Walichagua moja moja kwa kurunzi, na yaliyobaki wakayasukuma pembeni kwa kidole. "Haya karudishe mtoni, mzee." Baba hakuyarudisha. Aliyaleta nyumbani kwenye makopo ya maziwa, akayapanga kwenye dirisha, na makopo yalipojaa akayahamishia kwenye kiroba. Kwa macho yangu ya utotoni yalikuwa kokoto tu, yana ukungu kama chupa iliyokaa sana ufukweni. Kijijini walimwita Bwana Kokoto. Alicheka nao.

Kaka yangu mkubwa hakucheka. Kuna mwaka baba alikawia huko mitoni, mvua zikaanza shamba halijalimwa, na msimu uliofuata hapakuwa na ada. Kaka akaacha shule kidato cha pili. Alikuja Dar es Salaam akabeba magunia bandarini, kisha akajifunza kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, na mpaka leo anafanya kazi kwenye yadi moja ya makontena huko Kurasini. Ni mtu mwema, mwenye maneno machache. Ila neno "mawe" likitajwa mbele yake alikuwa anasimama na kwenda kuangalia kitu nje.

Mimi ni fundi wa kusuka mota. Mota ya pampu, ya feni, ya mashine ya kusaga ikiungua, wananiletea, nazitoa zile waya nyeusi zilizoungua na kusuka mpya ndani yake, koili kwa koili, mpaka inaamka tena. Nilijifunza chuo cha ufundi nikiwa msichana pekee darasani, na nikajiongezea mitaani. Ndoa yangu ilikuwa imeshavunjika mama alipokuja, watoto sikujaaliwa, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu sisi wawili: chumba chake, chumba changu, karakana yangu mbele inayotazama barabara, na ua mdogo nyuma tunaotumia pamoja na jirani, dada mmoja anayepika chapati za kuuza.

Kiroba kilikaa chini ya kitanda cha mama. Sikukifikiria tena mpaka siku moja alasiri nilipopita uani kuchukua maji, nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, amekunja kipande cha msasa alichokitoa kwenye sanduku langu la vifaa, anasugua jiwe. Anasugua kweli kweli, kichwa kimeinama, kanga imedondoka begani. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimechubuka, na kwenye msasa palikuwa na alama za damu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nataka kuona."

"Kuona nini?"

Akaliloweka lile jiwe kwenye kopo la maji lililokuwa miguuni pake, akalinyanyua kwenye jua. "Baba yako alikuwa akirudi tu, hata kula hajala, anaweka jiwe majini ananiita. 'Njoo utazame.' Mie nina chungu jikoni, nina mtoto mgongoni. Nilikuwa namwambia, nimeliona, wala sijageuka." Jiwe likakauka mkononi mwake, likarudi kuwa na ukungu. "Likiwa na maji linaonekana kidogo. Likikauka linajifunga. Nataka libaki wazi, hata mara moja, nitazame vizuri."

Nilichukua jiwe. Upande aliousugua palikuwa na doa dogo laini, dogo kama ukucha wa mtoto, na ndani yake niliona kitu cha rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilimfunga vidole kwa kitambaa safi, nikamwambia aache kusugua. Nikamwambia pia kwamba nitatafuta njia. Nilisema hivyo kama watu wanavyosema, ili mtu aache kulia. Lakini neno likiwa limeshatoka, nilijikuta nalifikiria.

Nilitafuta kwenye simu. Nikaona watu wa nchi za mbali wana mashine za kung'arishia mawe. Nyingine ni kama pipa linalozunguka polepole kwa wiki nyingi. Nyingine inatetemeka: bakuli limewekwa juu ya springi, chini yake kuna mota, na kwenye shafti ya mota kumefungwa chuma upande mmoja tu. Mota ikizunguka, kile chuma kinavuta huku na huku, bakuli linatetemeka, na mawe yaliyomo yanasuguana kutwa yakiwa na maji na chenga za msasa. Unaanza na chenga kubwa, unahamia ndogo, kisha unga laini kabisa. Hiyo ya pili inafanya kazi haraka zaidi. Na nilipoitazama, sikuona kitu ndani yake nisichokijua. Mota iliyofungwa uzito upande mmoja! Mimi miaka yote hii nimekuwa nikipambana kuzifanya mota zisitetemeke. Hapa kazi ni kuharibu kwa makusudi.

"Nitaiunda," nilimwambia mama wakati wa chakula.

"Utaiunda na nini?"

"Na vinavyotupwa."

Mota nilikuwa nayo tayari. Ilikuwa ya pampu ya maji ambayo mwenyewe aliitelekeza karakana kwangu, baada ya kununua mpya. Bakuli lilikuwa ndoo ya rangi ya nyumba, nikaikata katikati kwa msumeno. Kwa ndani niliivika mpira wa tyubu ya gari, ili mawe yasile plastiki. Springi nilizitoa kwenye godoro bovu lililokuwa jalalani. Vyote nikavifunga juu ya ubao mnene. Nilitia mawe ya kujaribia, kokoto za ujenzi tu, nikatia maji na mchanga, nikapeleka waya uani na kuchomeka plagi.

Ikaamka, na papo hapo ikaanza kutembea. Sikuwa nimelifikiria hilo. Ubao ulirukaruka kama chura, ukakata ua wote ukiburuta waya, ukaelekea moja kwa moja kwenye meza ya jirani yangu aliyekuwa anakanda unga.

"Dada! Dada! Hicho kidubwasha chako kinakuja kwangu!"

Nilikimbilia plagi. Kabla sijaifikia, springi mbili zilifyatuka, ndoo ikapinduka, na maji ya mchanga yakaruka juu ya nguo zote zilizoanikwa kwenye kamba, zake na zetu. Unga ulinusurika kwa sababu alilikumbatia beseni zima kifuani kama mtoto. Tukatazamana. Nilidhani atanitukana, na angekuwa na haki. Akasema, "Sasa hiyo, ikishapona, inafanya nini?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Ya mzee, sawa. Lakini kwanza unafua hizi nguo." Nilizifua zote.

Nikajua kwamba natakiwa kupata vitu viwili: kitako kizito kisichohama, na springi za kazi. Nilikwenda Kurasini, kwenye gereji za malori zilizo nyuma ya yadi za makontena. Kuna mzee pale anauza vyuma chakavu vilivyopangwa chini kwa namna anayoijua mwenyewe. Nilimwamkia, nikamwambia nataka springi fupi, sawasawa kwa urefu, ambazo nikizikandamiza kwa kiganja zinashuka kidogo na kurudi.

"Za gari gani?"

"Si za gari. Za kutikisia mawe."

Akakuna kidevu. "Za mashine ya kukoboa?"

"Mashine ya kung'arisha, mzee."

Aliinuka, akapekua, akarudi na kopo lenye springi za valvu za injini ya lori. Tukakaa wote wawili kwenye gogo, tunazikandamiza moja moja, tunazilinganisha. Zilizolegea aliziweka kulia, ngumu kushoto. Akanitafutia na ringi ya gurudumu la lori, imepinda ukingoni, haifai tena barabarani. Kwa kitako haikuwa na mfano. Vijana wawili wa gereji waliinyanyua mpaka kwenye guta la kubebea mizigo, na mwenye guta akaniuliza njia nzima kama nafungua gereji.

Nilichomelea vishikio vinne juu ya ringi, nikasimamisha springi, juu yake nikaweka bamba la chuma la duara, juu ya bamba nikafunga ile ndoo na chini yake nikaning'iniza mota, shafti ikitazama ardhini. Kwenye shafti nilifunga kipande cha chuma kinene. Safari hii haikutembea. Ilinguruma kwa sauti nzito ya kupendeza, nikasimama nimekunja mikono najisikia bingwa. Baada ya muda mfupi nikasikia harufu. Kwa kazi yangu, harufu ile siikosei hata usingizini: vanishi ya waya inaungua. Nilizima, lakini ilikuwa imeshakwenda. Uzito niliofunga ulikuwa mkubwa kuliko nguvu ya mota.

Jumapili ile kaka alikuja kumsalimia mama, kama kawaida yake. Alinikuta uani, mota nimeifungua vipande, natoa waya zilizoungua kwa koleo. Kiroba kilikuwa wazi pembeni yangu.

Alikitazama kiroba. "Na wewe umeanza?"

"Ni ya mama. Anataka kuyaona yaking'aa."

"Mawe yale ndiyo yaliyonitoa shule."

"Najua, kaka."

"Hujui. Ulikuwa mdogo." Alisema bila kupaza sauti. Kisha akaingia ndani, akakaa na mama, nikasikia wanazungumzia bei ya mchele na goti la mama. Sikumfuata. Niliendelea kusuka. Nilikuwa na hasira kidogo na uchungu kidogo, na mikono yangu huwa inafanya kazi vizuri zaidi nikiwa hivyo. Nilizungusha koili, nikazipanga kwenye vijia vyake, nikazifunga kwa uzi, na mpaka chai inaletwa nilikuwa nimemaliza kuipaka vanishi. Mota ile niliisuka vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Hilo nalisema bila haya. Nimesuka mamia ya mota za watu, lakini ile ilikuwa ya baba.

Kaka alipotoka kuaga, alisimama karibu na ringi. Akazunguka upande wa pili. Akachuchumaa, akafumba jicho moja.

"Hili bamba haliko levo, limeinama."

"Lipo. Nimepima."

"Umepima ringi. Ringi yenyewe imepinda." Akagonga ukingo kwa kidole cha kazi, kigumu kama spana. "Hapa. Mawe yatakimbilia upande mmoja tu, hayatazunguka. Na chini unahitaji mpira mzito, la sivyo ukuta wa jirani utapasuka." Akasimama, akajifuta magoti. "Kuna mkanda wa kupakilia mizigo umechanika kule kazini, wanataka kuutupa. Nitamwomba msimamizi kipande."

Sikumjibu neno zaidi ya ahsante. Niliogopa nikisema kingine atakumbuka kwamba hapendi mawe.

Aliuleta katikati ya wiki, ameukunja begani, mpira mnene wenye nyuzi ndani. Tukauweka chini ya ringi, tukaweka vipande vya bati upande uliopinda mpaka bamba likakaa levo. Kuhusu ule uzito, nilikata bamba jembamba la chuma na kulitoboa matundu mengi, ili niweze kusogeza boliti na nati, kuongeza au kupunguza, mpaka mota na mzigo vikubaliane. Tuliwasha, tukazima, tukasogeza boliti. Tukawasha tena. Kaka alikuwa ameshavua shati.

Halafu ikakubali. Nitajaribu kueleza nilichokiona. Mawe hayakuruka wala hayakugongana kwa kelele. Yalianza kutembea yote kwa pamoja, yanapanda pembeni, yanashuka katikati, yanazama na kuibuka, taratibu, kama maharage yanayotokota kwenye chungu. Ngurumo ilikuwa chini, ya kuvumilika. Niliweka kiganja changu juu ya maji nikahisi ule mtetemo unapanda mkononi mpaka begani.

"Imekuwa mashine," kaka akasema.

"Ilikuwa mashine tangu jana."

"Jana ilikuwa vyuma."

Chenga za kusagia nilizipata kwa fundi mmoja anayekata mawe ya granaiti ya jikoni na ya makaburini, barabara ya kwenda Vingunguti. Alikuwa nazo za kila aina, kutoka zinazokwaruza kama sukari mpaka unga mweupe laini wa kumalizia. Aliponiuliza nafanyia nini, nikamwonyesha picha ya mashine kwenye simu. Aliishika simu yangu muda mrefu, anaikuza picha kwa vidole.

"Hii umeagiza wapi?"

"Nimeiunda mwenyewe."

"Nani amekuchomelea?"

"Mimi."

"Na mota?"

"Mimi."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha thamani. Kuanzia siku hiyo nikifika ananiita fundi mwenzangu.

Tukatia mawe ya baba. Tulikubaliana na jirani kwamba mashine itanguruma mchana tu, yeye akiwa sokoni au akipika, na jioni inanyamaza. Mama ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Nikiwa mbele karakana nilimsikia akizungumza nayo. "Haya, kunywa maji," anasema, anaongeza kikombe. Alijua kwa sikio maji yakipungua, sauti inakuwa nzito, mawe yanachoka.

Siku moja umeme ulikatika wakati sipo. Nimekwenda kufunga pampu ya mteja, na huko nilikawia. Niliporudi, ule uji wa kijivu uliokuwa kwenye ndoo ulikuwa umetulia chini na kuganda, umeyakamata mawe yote kama zege. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ndoo katikati ya miguu, ana kijiko kikubwa na mikono ya kijivu mpaka kwenye viwiko.

"Nimetoa nusu," akasema. "Lete kijiko kingine."

Tukachimba. Tulichimba mpaka mgongo ukaniuma, tunang'oa jiwe moja moja, tunalitupa kwenye beseni la maji. Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Nini?"

"Miaka yote niliapa sitachimba mawe."

Nikacheka naye. Jirani akatoka kuangalia kuna nini, akavuta kigoda, akaingia naye kwenye uchimbaji, akiwa na uma wa kugeuzia chapati.

Kila hatua nilikuwa natoa mawe, nayasuuza, naosha ndoo mpaka isibaki hata chenga moja kubwa, kisha natia chenga ndogo zaidi. Mwanzoni sikuona tofauti, ila kona zilikuwa zimekufa, mawe yamekuwa ya mviringo. Baadaye yakawa laini, lakini bado yamefifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mama alianza kuwa na wasiwasi. "Labda wale wanunuzi walisema kweli," aliniambia siku moja akiwa ameshika jiwe. Nikamwambia hatujafika kwenye unga mweupe. Lakini na mimi nilikuwa na wasiwasi, sikutaka tu auone.

Siku ya kutoa ilikuwa Jumamosi. Kaka alikuwepo, ingawa haikuwa siku yake ya kuja. Alisema alikuwa anapita tu. Nilizima mashine, nikamimina kila kitu kwenye chekeche la jikoni, maji meupe kama maziwa yakashuka. Mama alikuwa na beseni la maji safi yenye sabuni. Nikayamwaga humo. Akaingiza mikono, akaosha, akasuuza maji ya pili, ya tatu, akatandika kanga yake juu ya mkeka uani, akayapanga.

Tukangoja yakauke. Hicho ndicho tulichokuwa tunakiogopa wote, bila kukitaja.

Yakakauka, na hayakujifunga.

Mengine yalikuwa na rangi ya asali, mengine ya chai. Palikuwa na meupe yenye mishipa ndani kama mvuke umegandishwa. Palikuwa na jekundu la kukolea kama juisi ya rozela, na moja la kijani kibichi kidogo, ukiligeuza linapotea, ukiligeuza tena linarudi. Jua la saa nne lilikuwa linapita ndani yake na kutupa madoa ya rangi juu ya kanga. Jirani alisema, "Subhanallah," akasogea na unga mikononi.

Mama akapiga magoti kando ya mkeka. Aliinama, akachukua moja, akalitazama. Akaliweka. Akachukua la pili. Aliyatazama yote, kila moja kwa zamu yake, bila haraka, na hakuna aliyemwita jikoni.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Mwishowe akaja, akachuchumaa ukingoni mwa mkeka. Mkono wake ulielea juu ya mawe, kisha ukashuka kwenye lile jekundu.

"Hili nalijua," akasema.

Tukamgeukia.

"Nilikuwa naye. Likizo moja alinichukua kwenda mtoni. Nyie hamkumbuki. Mie nilikuwa nachota maji, yeye anachekecha. Akaniita, akaniambia, 'Fumba macho, fungua mkono.' Akaniwekea hili. Lilikuwa baya, lina kutu. Akaniambia, 'Ndani humu kuna moto, ila hatuna cha kulifungulia.'" Alilizungusha kati ya vidole vyake vikubwa. "Nikamwona mwongo."

Mama akamwekea mkono mgongoni, kwenye shati la kazi. Kaka akakaa chini kabisa, akakunja miguu kama mwanafunzi. Alitusimulia mambo ya mtoni ambayo mimi sikuwahi kuyasikia: jinsi baba alivyokuwa akiimba akichekecha, jinsi alivyompikia ugali mgumu mpaka wakaula huku wanacheka, jinsi alivyomfundisha kuangalia jiwe dhidi ya jua bila kuumiza macho. Alizungumza mpaka chai ikapoa. Sijapata kumsikia akizungumza hivyo, wala kabla wala baadaye. Alipoondoka, jekundu lilikuwa kwenye mfuko wa shati lake. Hakuomba, na hakuna aliyemuuliza.

Watu wananiuliza kama yale mawe yana bei. Hayana. Wale wanunuzi hawakudanganya. Mengi yana nyufa ndani, mengine ni ya kawaida tu, yanapatikana kila mahali. Lakini bado nimeona watu wakishika moja na kushindwa kulirudisha mezani. Yule fundi wa granaiti alikuja kuiona mashine kwa macho yake. Alipiga magoti, akaangalia chini, akaangalia mshono wa kuchomelea, akahesabu springi kwa midomo bila sauti, akaniambia anataka ya kwake, kubwa zaidi, ya kulainishia vipande anavyovitupa. Nimeshapata mota. Ni ya mashine ya kukoboa mahindi, imeungua vibaya, waya zake zimekuwa mkaa. Naisuka sasa hivi.

Mwezi uliopita zamu ya kupokea jumuiya ilikuwa kwetu. Akina mama wa kanisani walijaa sebuleni, tukasali, tukaimba, tukanywa chai na chapati za jirani. Nilidhani wataondoka. Mama akasimama, akajitengeneza kitambaa kichwani, akatangaza kwamba kuna kitu uani anataka wakione. Wakamfuata wote, vitenge vipya, viatu vya ibada, mpaka kwenye ringi ya lori.

"Hii," mama akasema, "inaitwa mashine ya mtetemo. Hapa chini kuna mota ya umeme. Mota ina chuma kinachovuta upande, kwa sababu upande ule una sumaku."

"Haina sumaku, mama," nikamnong'oneza.

"Ina sumaku," akawaambia, bila kunigeukia. "Na hizi springi zimetoka kwenye injini ya lori. Haya mambo si ya kununua. Haya yametengenezwa hapa hapa, na huyu."

Mama mmoja mnene, mwenye miwani, akauliza kama mashine inaweza kuoshea dagaa.

"Dagaa!" Mama yangu alitazama juu kama anayetafuta subira mbinguni. "Mwanangu, washa waone."

Nikatia maji, nikachomeka plagi. Ngurumo ikaanza, mawe yakaanza kupanda na kushuka, na wale akina mama wakasogea, wakainama wote kwa pamoja juu ya ndoo. Mama alikuwa amesimama wima nyuma yao, mikono kiunoni, ananitazama mimi.